Buluu Iliyobanduka

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa kufua nguo katika shamba la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Nyuma ya nyumba ya wazungu kulikuwa na bwawa la kuogelea. Mimi sikuwa nimewahi kuingia maji yaliyopita magoti. Nikianika shuka, nililitazama bwawa lile nikajiona nimelala juu yake, sina uzito, sina karai. Nilitamani kama mja mzito anavyotamani udongo.

Mwaka mmoja kuta zake zikaanza kumomonyoka. Bwana alitaka kuita mafundi kutoka Nairobi wapige plasta upya. Memsahibu, mkewe, akakataa katakata. Rangi inatosha, alisema, na tutapaka wenyewe. Akanigeukia na Kiswahili chake cha jikoni:

"Wewe nasaidia mimi, halafu wewe naingia maji kwanza. Mbele ya bwana."

Nilishuka ndani ya bwawa kavu polepole, kama mtu anayeingia kanisani. Sauti zetu zilizunguka ukutani, zikaturudia zikiwa laini, na juu mbingu ilikuwa na pembe nne. Kwetu kukandika nyumba ni kazi ya wanawake, na mama alinifundisha kwamba ukuta mkavu hunyweshwa maji kwanza, ndipo udongo ushike. Basi nikanyunyiza maji, nikapaka rangi. Memsahibu akaona hiyo ni akili, naye akanyunyiza. Tulipaka hadi jioni, buluu imetufika kwenye nyusi, kila mmoja akiimba wimbo wa kwao.

Siku ya kujaza, maji hayajafika hata nusu, rangi ikaanza kubanduka kama maganda ya viazi vya kuchemsha; kumbe rangi si udongo, haishiki ukuta uliolowa. Bwana alicheka mpaka akakaa chini. Maji yakamwagwa, mafundi wakaitwa, na ahadi yangu haikutajwa tena. Ningeulizaje? Nilikasirika sana. Wiki ile nilizifua nguo zao kama ninayezichapa.

Mafundi walibandua plasta kuukuu kwa nyundo, kisha mvua kubwa ikawafukuza. Jumapili asubuhi wazungu walipokwenda kanisani, nilikwenda kuchungulia. Upande wenye kina, maji ya mvua yalikuwa yamesimama, mekundu kwa udongo, na vipande vya buluu yetu vikielea juu. Sikufikiri mara mbili. Niliingia na gauni langu, yakanifika kiunoni, nikalala chali.

Yakanibeba. Masikio yalizama, dunia ikanyamaza, na mawingu yakapita taratibu kuelekea mlima wa Kilimambogo. Nililia kidogo kwa furaha. Nyumbani mama alinichambua nywele akitoa vipande vya rangi, akiguna kwa mshangao, "Ui, mami, umelala wapi wewe?"

Plasta mpya ilitoka nyeupe, nzuri, siwezi kuwanyima mafundi haki yao. Bwawa lilipojaa, bwana alijirusha wa kwanza. Memsahibu alinitazama pale kwenye kamba ya nguo, kisha akainamisha macho.

Masikini, hakujua. Mimi nilikuwa nimeshatangulia.