Musafiri Aingia Katika Filamu

Sikudhani alikuwa akiuza vitenge katika soko la Kolwezi, kazi aliyoirithi kwa baba yake Musafiri, Mwislamu aliyetoka Kasongo. Jirani yake alikuwa Mbelu, mjane wa mfanyakazi wa mgodi aliyeletwa kutoka Kasai. Mbelu aliitwa Valérie mpaka serikali ilipokataza majina ya Kikristo. Sikudhani aliendelea kumwita hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Mwaka 1974 wasanii kutoka Lubumbashi walikuwa wakitengeneza filamu juu ya miaka ya kwanza ya kambi za wafanyakazi. Kabla ya kuimaliza, mwongozaji wao, Nkulu, aliwaita watu wa mji waitazame kwenye ukumbi wa parokia, wamwambie kama wamejiona ndani yake. Wale majirani wawili walikwenda pamoja.

Katika filamu, wanaume wa Kasai waliposhuka kwenye treni, Mbelu alilia kwa furaha.

"Angalia, Sikudhani! Bwana yangu njo vile alishuka!"

Kisha akatokea mchuuzi mwenye kanzu na kofia, akibonyeza mizani kwa kidole ili awapunje wafanyakazi chumvi. Hakuwa na jina, na hakukuwa na Mwislamu mwingine katika filamu nzima. Watu wakacheka. Sikudhani akajifunika mtandio mpaka usoni.

Taa zilipowashwa, Nkulu akauliza, "Bamama, mulijiona?"

Mbelu akasimama. "Mi nilijiona, tata, aksanti sana. Lakini huyu mama hakujiona. Wakati nilikuwa na mimba, bwana yangu mugonjwa, tata yake Musafiri njo alinipeleka kuzala ku maternité na kamiyo yake. Alikatala hata feza ya mafuta. Sasa mu sinema batu yake beko baibaji tu?"

Sikudhani hakuwahi kumsikia Mbelu akisema mbele ya watu. Machozi yakamjaa, akamshika mkono.

Nkulu hakukasirika. Akaja kuketi karibu nao. "Kweli, mama, hatukuuliza batu benu. Tunabakia na kazi kidogo ya kupiga picha ku muji ya Kasaji. Unielezee tata yako."

Sikudhani akaeleza: lile lori la bluu, samaki wakavu aliowauza pamoja na vitenge, na jinsi baba yake alivyojifunza Kiluba cha Kasai kwa kutaniana na wateja. Alipomaliza akauliza, "Na Balunda, benye inchi? Mu sinema beko banacheza ngoma tu."

"Ni kweli vilevile," Nkulu akajibu, akainamisha kichwa. Hakuahidi kitu.

Filamu ilipoonyeshwa kwa watu wote, Walunda walikuwa bado wanacheza ngoma, na jambo hilo lilimuuma Sikudhani. Mchuuzi wa mizani alikuwepo pia. Lakini sasa lori lilifika kambini, dereva mwenye kofia akateremka, na mwanamke mmoja akamwita, "Tata Musafiri!" Dereva na yule mwanamke wakampakia mgonjwa, wakicheka na kusemeshana Kiluba.

Sikudhani alimgeukia jirani yake. "Aksanti, Valérie," akasema, safari hii kwa sauti kubwa, na watu wa mstari wa mbele wakageuka kutazama.

"Nyamaza, batatufunga!" Mbelu akanong'ona, akicheka huku akijifuta machozi.