Gundi Kwenye Sampo

Mgeni aliingia katika mji asioujua, gari lake kuukuu likidondosha oili njia nzima, akalisimamisha kwenye gereji ya kwanza aliyoiona. Fundi mkuu, aliyeitwa Pua kwa kuwa hunusa injini kabla ya kuigusa, aliingia uvunguni akatoka na uso wa mtu aliyekanyaga kinyesi. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepakwa gundi nyekundu tabaka kwa tabaka, na mchanga umenasa humo kama upele.

“Nani kakufanyia uchafu huu?”

“Jana nilikwama njiani, nikaletewa fundi kwa pikipiki.” Mgeni akanyoosha kidole. “Yule anayekunywa chai.”

Yule alikuwa shemeji yake Pua, mshirika wake wa gereji.

Pua aliosha injini, akainyunyizia poda ili aone oili inapovujia, akaiwasha. Punde mchirizi mweusi ulishuka kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu. Sampo haikuwa na kosa lolote. Alipoifungua, alikuta vipande vya gundi vimeshaanza kuziba chujio.

“Shemeji, hii mara ya tatu. Nilisema ukipaka tena, naondoka.”

“Shem, nawe! Si jana mteja alienda zake anacheka?”

“Alicheka, na injini inakufa. Kazi yako kufunika kombe tu. Unanitia kinyaa.”

Pua alibadilisha gasketi, akasafisha chujio, akakaza kila bolti, akatia oili mpya. Kisha akanawa mpaka viwikoni, akabeba sanduku lake la spana, akatoka langoni bila kugeuka. Mgeni alibaki karibu na gari lake kavu, shemeji mtu akimuuliza kama angependa chai.