Tairi Iliyomkimbilia Komisa

Chekeni tu, nami nitawasaidia. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya reli hapa Kindu, na kutulia sikujaliwa. Wiki iliyopita tuliunda treni ndogo ya kumwonyesha komisa wa chama, nami nikapewa kazi ya kuyavisha magurudumu yake tairi za chuma. Tairi hukerezwa ndogo kidogo kuliko gurudumu, hutiwa motoni itanuke, huvishwa, kisha ikipoa hubana.

Nilikuwa nimetoka tu kukereza magurudumu, bado yanachoma vidole, mwenzangu Asumani akaniletea chai. Aliponiona nimeshika kipimo akasema, "Ngoja moto upungue kwanza, ndugu."

"Mimi napenda ya moto," nikamjibu, nikapiga funda, nikapima.

Kumbe, nilikuja kuelewa baadaye, alikuwa anasema gurudumu! Likiwa la moto huwa limevimba, nami kwa kipimo hicho tairi zote nilizikereza kubwa mno. Zilipoingia kwa ulaini, nilijisifu mpaka getini.

Siku yenyewe, kwenye uwanja wa stesheni, treni ilianza kutembea mbele ya watu, nami sikuweza kusimama mahali pamoja. Ghafla tairi moja ikachomoka, ikabingirika hadi kwenye viatu vya komisa. Watu wakapiga makofi. Komisa akaiokota, akaniita raia kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi yetu.

"Citoyen, hii inapashwa kutoka?"

"Ndiyo, citoyen komisa," nikasema, nikijifanya kwamba ilipangwa itoke. "Njo mupango yake."

"Na zile?"

Nikageuka. Treni ilikuwa imelala kwa tumbo, na tairi zilizobaki zilikuwa zinakimbia, kila moja na njia yake, kuelekea mtoni.