Pikipiki Isiyo na Doa la Mawese

Juzi hapa Kasongo nilifuatana na mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Salamabila kwenda kuona pikipiki saba za zamani za mashindano, ambazo mama mmoja mjane anazitunza nyumbani kwake. Sita zilikuwa na madoa mekundu ya mawese kutoka kiti cha nyuma hadi gurudumu. Ya saba, kule kwenye kona, ilikuwa safi kabisa.

Mgeni akatoa kitambaa mfukoni, akainama kufuta doa. Mama akamshika mkono.

"Acha, baba! Ile mafuta ndiyo historia yake."

Akatueleza. Zamani, vijana wakishindana kutoka Kabambare mpaka Kasongo, kila mmoja alifunga nyuma bidoni, yaani dumu, ya mawese iliyojaa, bila kifuniko. Wakifika, hakuna aliyeangalia nani ametangulia. Walipima mafuta yaliyobaki.

Mgeni akainyoshea kidole ile ya kwenye kona, akacheka. "Basi hii yenye iko safi haikukimbia hata siku moja!"

"Hiyo ndiyo ilishinda," mama akasema. "Ilifika ya mwisho, bidoni imejaa."

"Na nani alikuwa anaiendesha, mama?"

Mama alikaza kitenge, akaipanda, akashika usukani, mgongo umenyooka kama bado yuko njiani.

Tangu siku hiyo, mkubwa wa serikali akitupita mbio na kutuachia vumbi, simwonei wivu. Naangalia tu nyuma ya kiti chake, nione kama bidoni yetu tuliyomkabidhi bado ina kitu.