Uso wa Benki ya Bihambwe

Papa Théogène aliwahi kufanya kazi Kinshasa, na kijiji kizima cha Bihambwe, kule Masisi, kilijua hivyo, kwa kuwa hakukiacha kisahau. Ujanani alikuwa msaidizi wa mafundi waliotengeneza upya uso wa makao makuu ya Benki Kuu. Alibeba mabamba ya mawe yaliyosuguliwa, akayatazama yakibandikwa juu ya zege mpaka jengo likang'aa kama mtu aliyejipaka mafuta siku ya Jumapili. Aliporudi Masisi, kila nyumba aliiona iko uchi.

Kwa hiyo kijiji kilipotaka jumba la akiba na mikutano, Théogène hakukubali lolote ila lenye uso wa benki. Saruji haikupatikana, kwani wenye bunduki barabarani waliichukua yote. Ikabidi wajenge kama walivyozoea: wanaume walisimika miti na kuifunga fito, nao wanawake, wakiongozwa na mkewe, Mama Godelieve, wakakanda udongo na kukandika kuta. Ndipo Théogène akaanza kuzivika mawe meusi ya volkano, yaliyoletwa kutoka Sake kwa lori la Maurice, mchuuzi wa Butembo.

"Nyumba imevaa koti," Godelieve alimwambia. "Itaenda misa lini?"

"Cheka tu, Mama. Siku ya risasi utaingia humo mbele ya wote."

Vita vya mwaka 2007 vilimkuta Théogène huko Sake, alikokwenda kutafuta chokaa. Barabara ikafungwa. Ilipofunguka kidogo, Maurice alimkuta sokoni.

"Papa Théo, benki yako imeanguka. Bomu ilipiga kando. Mawe yote iko chini."

"Na bantu benye walikuwa ndani?"

"Sijui, Papa. Niliona mawe tu, nikaendesha."

Théogène akashika njia kwa miguu. Ni yeye aliyewaambia majirani wakimbilie jumba lile. Njiani hakuogopa bunduki. Aliogopa mawe yake mwenyewe. Kila moja alilipandisha kwa mikono yake, alijua uzito wake, na sasa katika mawazo yake kila moja lilikuwa likimwangukia Godelieve.

Alipofika, aliliona rundo jeusi mbele ya mlango, akapaza kilio. Kisha akatazama vizuri. Mawe yalikuwa yameangukia nje. Nyuma ya rundo ukuta wa udongo ulisimama, umepindapinda, umepasuka, fito zikionekana kama mbavu, lakini umesimama. Godelieve akatokea ubavuni mwa nyumba na beseni la udongo mbichi kichwani.

"Papa, unalilia mawe ao sisi?"

"Iko muntu alikufa?"

"Kuku ya jirani, Nadine. Ilikataa kuingia." Akatua beseni. "Ule ukuta ulicheza kama mulevi, lakini haukulala. Tuliusikia unalia usiku muzima. Fito zinajua kuinama, Papa."

Théogène akakaa juu ya mawe yake, akacheka huku machozi yakimtoka.

Baadaye jirani mmoja aliuliza kama uso wa benki utarudishwa.  Théogène alikunja suruali, akaingia penye udongo katikati ya wanawake, mahali ambapo mwanamume wa pale haingii, akaanza kukanda. Wakamcheka bila huruma.

"Maji kidogo, Papa," Godelieve alisema. "Na usikanyage kama askari."

Akapunguza mwendo, akafuata miguu ya mkewe.