Mkono wa Mkamuaji

Mkamuaji mkuu wa lile shamba la mzungu huko Molo hakusalimia mtu kwa mdomo mtupu. Alikushika mkono akaubana mpaka ukalia, "Mzee, unaniumiza!" Hapo ndipo alipokuachilia, akicheka. Maziwa aliyokamua yaligonga ndoo kwa kishindo, povu likapanda, na sisi wengine tulikamua kwa kufuata mlio wake. Hata daktari alipomwambia kwamba moyo wake umechoka, hata alipoanza kulala ameketi ili apate pumzi, miguu ikavimba mpaka akakata kamba za viatu vyake vya tairi, alijibu vilevile: "Moyo ni wa daktari. Mikono ni yangu."

Asubuhi moja ya baridi kali mlio ule ukafifia. Ng'ombe mweusi aligeuza kichwa, akamtazama. "Huyu amekauka," mzee alisema, akihema. "Jaribu wewe, Kipkemboi." Nikakaa kwenye kigoda chake, na maziwa yakatoka kwa nguvu mpaka povu likafika ukingoni mwa ndoo. Wakamuaji wengine wakaacha kukamua, wakatutazama. Mzee akafuta viganja kwenye koti lake, akaninyooshea mkono kama anayeaga. Ulikuwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa.

"Mzee, unaniumiza!" nikapiga kelele, wote wasikie.

Hakucheka. Aliuachilia mkono wangu polepole.

"Kipkemboi," akasema, "hata nilipokuwa mzima hukulia hivyo."