Visahani vya Thérèse

Thérèse Kabange alizaliwa Lubumbashi, na kwa miaka mingi alikuwa msusi katika saluni ya Papa Banza, ndani ya Galerie d'Ixelles kule Matonge, mtaa wa Waafrika nchini Ubelgiji. Wateja walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwa msengenyaji. Alisikiliza, akaitikia, akaendelea kusuka. Alikuwa anakaribia miaka hamsini. Mwanawe wa pekee alikuwa amehamia Liège kikazi, na yeye akabaki peke yake ghorofani katika kitongoji cha Forest, jirani na bustani ya umma ambayo kila siku aliipita tu akiwahi tramu.

Mwaka huo vidole vyake vilianza kufa ganzi. Kitana kilimponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena mbele ya mteja. Daktari alimwambia apunguze kusuka. Papa Banza, mtu wa huruma lakini wa maneno mengi, akampa mapumziko ya Jumatatu na Jumanne. Thérèse hakujua azifanyie nini siku hizo. Alifagia nyumba iliyokwisha kufagiliwa, kisha akachukua maandazi yake akaenda kukaa kwenye benchi la bustani.

Hapo ndipo kisahani cha plastiki cha rangi ya chungwa kilipotua miguuni pake. Aliyekirusha alikuwa Gilberte, bibi wa Kibelgiji, mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, mwenye koti la mvua na nyonga ya bandia. Aliomba radhi kwa mbali. Thérèse aliinuka, akakirudisha bila kufikiri, kwa mkono wa ubavuni, kama mtu anayemrushia mwenzake kifuniko cha sufuria. Kisahani kilienda chinichini, kikanyooka, kikapita juu ya miiba, Gilberte akakidaka. Akamwuliza alijifunza wapi. Thérèse akasema hajajifunza popote.

Gilberte akamweleza mchezo wenyewe. Zile nguzo za chuma zenye minyororo, ambazo Thérèse alidhani ni za kufungia baiskeli, zilikuwa vikapu. Mtu anasimama mahali pa kuanzia, anarusha kisahani kuelekea kikapu, anakifuata kilipoangukia, anarusha tena kutoka hapo, mpaka kiigonge minyororo na kutumbukia. Anayerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Manispaa, au commune kama wanavyoiita huko, ilikuwa imeweka vikapu tisa kati ya miti, na hapakuwa na mlinzi wala mlango.

Jumatatu iliyofuata Thérèse alirudi, na Jumanne pia. Gilberte alimwachia visahani viwili vya zamani. Walicheza bila mazungumzo marefu. Gilberte alipenda kimya, na Thérèse alikuwa ameshiba maneno ya saluni. Siku ambazo bibi yule hakuja, Thérèse alicheza peke yake asubuhi, akihesabu kwa sauti ndogo kila alichorusha ili asisahau. Daktari alipoambiwa alishangaa kidogo, akasema aendelee maadamu haumii. Ganzi haikuisha, lakini alianza kulala bila kuacha redio ikizungumza chumbani, jambo ambalo hakuliweza tangu mwanawe aondoke.

Ikatokea kwamba mama mmoja wa kwaya ya kanisa la Matonge, alimoimba Thérèse kila Jumapili, alikatiza bustanini asubuhi moja yenye ukungu. Alimwona Thérèse amesimama peke yake mbele ya chuma chenye minyororo, midomo ikichezacheza, mkononi ameshika sahani. Hakumsalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa Maman Marceline, rais wa kwaya, na kabla ya Jumapili habari ilikuwa imezunguka Matonge nzima: Thérèse anaenda porini alfajiri kufanya mambo ya giza.

Maman Marceline hakumwuliza kitu. Alimhamisha tu kutoka safu ya mbele hadi nyuma kabisa, nyuma ya kinanda. Saluni nako, wateja wawili wa siku nyingi wakaomba wasukwe na mwingine, na mmoja akakusanya nywele zake zilizoanguka sakafuni, akazitia mkobani akaondoka nazo. Hapo Thérèse akaelewa. Hakulia. Alimaliza kazi ya siku hiyo, akafuta vioo, na Papa Banza akamwita nyuma ya pazia.

“Maman Thérèse,” alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, “mi siamini. Lakini batu beko banasema unaendaka kuomba ku minyororo. Donc, nibajibu nini?”

“Papa, ni muchezo,” Thérèse alisema. “Kuya Jumatatu, utaona na macho yako.”

Papa Banza alikuja kweli, amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine za kutokea. Gilberte alimpa mkono, akampa na kisahani. Cha kwanza kiligonga mti. Cha pili kikaenda kwenye miiba, na viatu vikaingia tope wakati wa kukitafuta. Alikaa pale mpaka adhuhuri. Alipofanikiwa kuingiza kimoja, kutoka karibu sana, aliomba apigwe picha kando ya kikapu, na picha hiyo ndiyo aliyokuwa akimwonyesha kila aliyeingia saluni, awe ameuliza au hajauliza.

Wateja wengi walicheka, mambo yakatulia. Yule aliyebeba nywele zake hakurudi. Kwaya nayo ilikuwa habari nyingine. Thérèse aliimba nyuma ya kinanda majuma kadhaa, akingoja mtu amwambie neno, na hakuna aliyemwambia. Mwishowe akaacha kwenda mazoezini. Alihamia parokia ndogo ya Forest, ambako waimbaji walikuwa wachache na wazee, na walifurahi kupata sauti yoyote.

Vuli ilipoingia alifanyiwa upasuaji wa kiganja cha kulia. Wakati bandeji ikiwa bado mkononi alijaribu kurusha kwa kushoto, visahani vikaenda vilikotaka, na Gilberte, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alilazimika kukaa kwenye benchi kwa kicheko.

Alirudi saluni karibu na Noeli, kwa saa chache kwa siku. Alhamisi moja mlango ukafunguliwa, akaingia Maman Marceline. Aliyekuwa akimsuka siku zote alikuwa amesafiri Kinshasa. Alitazama viti vyote, vikiwa vimejaa isipokuwa cha Thérèse, akakaa. Thérèse alimfunika kitambaa, akaanza kumchambua nywele. Marceline alijitazama kiooni.

“Ule muchezo yako,” alisema hatimaye, “banalipisha?”

“Hapana, maman. Ni ya commune. Ni bure.”

“Miye niko na sukari. Docteur anasema nitembee.”

“Basi utembee na sisi,” Thérèse alisema.

Marceline aliinamisha kichwa ili kisogo kifikiwe vizuri, na Thérèse akaendelea kusuka, polepole, akipumzisha kiganja kila alipomaliza msuko. Marceline hakufika bustanini Jumatatu hiyo, wala iliyofuata. Alifika mwezi Machi, na binti yake, wote wawili wakiwa na miavuli.